Jezi ya ugenini si mkosi, mkosi ni jezi ya kampeni

Ndugu msomaji, nianze na swali la kijiweni. Timu mbili zimefika uwanjani kwa mechi ya mashindano. Refa ameshika filimbi, watu wamejaa, muuza kashata keshapanga sinia lake. Ghafla inaonekana kwamba timu zote mbili zimevaa bluu. Nani abadili jezi?

Najua umeshajibu kabla sijaweka alama ya kuuliza. Utasema abadili mgeni, kwa sababu mwenyeji hasumbuliwi kwake. Jirani yako hapo kijiweni atasema abadili aliyechelewa kufika. Wa tatu, yule anayejifanya kutazama mpira wa Ulaya kuliko wote, atasema irushwe shilingi. Na wa nne atakunja uso na kusema hakuna wa kubadili, maana anayebadili jezi amekwisha kufungwa kabla mpira haujaanza.

Mnaweza kubishana hivyo mpaka kahawa ipoe. Mimi leo sina hamu ya ubishi, maana nimemuona kijana mwenzetu akipoteza riziki yake kwa sababu ya swali hili hili. Nataka nikusimulie, halafu nikuambie sheria inasemaje, halafu tuulizane ni nani anayenufaika na sisi kutoijua.

Huyo kijana nilisoma naye sekondari Korogwe. Kidato cha nne kilipotutema sote wawili, mimi nikashika kalamu, yeye akashika mpira. Akahamia kwa mjomba wake wilayani Handeni, akawa winga wa kulia wa timu ya kata. Ukiniuliza mimi, alikuwa na mbio za mtu aliyeiba kuku. Jezi yake ilikuwa namba 7.

Mwaka ule kulikuwa na mashindano ya kata, zawadi yake mbuzi na mpira mpya. Mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja jina, cheo wala chama, alikuwa akitafuta kura, basi akagawa jezi kwa kila timu iliyoshiriki. Seti moja kwa kila timu. Zote bluu. Zote kifuani zina picha yake akitabasamu, mgongoni zina ahadi yake, na chini ya ahadi zina namba. Namba 1 mpaka 18, kila seti sawa na mwenzake, kama vitabu vya darasa moja.

Timu zikashangilia. Na wewe ungeshangilia. Timu ambayo wiki iliyopita ilicheza na fulana za rangi kumi na moja, leo imepata jezi mpya zinazonukia plastiki! Nani angeuliza kwamba timu mbili zenye jezi moja zitakapokutana, itakuwaje?

Zikakutana nusu fainali. Nilipanda gari asubuhi kutoka Korogwe kwenda kumtazama rafiki yangu. Nilipofika nikakuta vikosi viwili vya bluu vinapasha misuli, na nyuso thelathini na kitu za mheshimiwa yule yule zinaruka juu na kushuka. Kama si jambo la kusikitisha ningecheka mpaka nikae chini.

Ukaanza mjadala. Mzee wa timu ya wenyeji akasema, "Mgosi, mtu hafukuzwi nguo nyumbani kwake." Kiongozi wa wageni akajibu kwamba wao hawana jezi nyingine, na hata wangekuwa nayo, hii waliyovaa "imekwisha kushughulikiwa" na haivuliwi mpaka filimbi ya mwisho. Hapo kila mtu akaelewa na akanyamaza, maana Handeni maneno ya namna hiyo hayahitaji tafsiri. Refa, kijana maskini asiye hata na kadi nyekundu mfukoni, akatazama saa yake, akatazama jua, akaamua. Mama mmoja akatoa shuka kuukuu, likachanwa vipande, na wageni wakafungwa vitambaa vyeupe mkononi.

Dakika ishirini za kwanza mambo yalikwenda. Kipindi cha pili nusu ya vitambaa ilikuwa imeanguka vumbini. Jua likaanza kuzama. Mabeki wakawa wanawapasia maadui, maadui wanashukuru. Mashabiki wakawa wanashangilia halafu wanaulizana wamemshangilia nani. Na katikati ya vurugu hiyo rafiki yangu alicheza mchezo ambao sijamuona akiucheza kabla wala baada. Alitengeneza mabao mawili. Timu yake ikashinda.

Pembeni alikuwepo bwana mmoja aliyetoka Tanga mjini kutafuta vijana kwa ajili ya timu yake. Alikuwa na daftari. Kabla giza halijaingia ilimbidi akimbilie gari la mwisho, akamuachia ujumbe kiongozi aliyekuwa karibu naye: yule namba 7 wa bluu aje Tanga wiki ijayo afanyiwe majaribio.

Namba 7 wa bluu walikuwa wawili. Kiongozi aliyekuwa karibu naye alikuwa wa timu ya wageni.

Ujumbe ukafikishwa, tena kwa nia njema naamini, kwa namba 7 wao. Kijana wa watu akapanda gari, akaenda Tanga, akakaa siku chache, akarudishwa, kwa sababu hakuwa yule aliyeonekana. Ukweli ulipojulikana muda wa usajili ulikuwa umepita na yule bwana alikuwa amekwisha kupata winga mwingine. Rafiki yangu leo anaendesha bodaboda Korogwe, kati ya stendi na Manundu. Ni kazi ya halali na simdharau. Lakini kila nikipanda pikipiki yake naitazama miguu ile ikikanyaga gia, nakumbuka shuka la yule mama.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sheria inasemaje?

Mpira wa miguu una sheria 17 tu. Ya nne ndiyo inayohusu vifaa vya mchezaji. Inasema kwamba timu mbili lazima zivae rangi zinazozitofautisha zenyewe kwa zenyewe, na pia zinazozitofautisha na waamuzi. Kila kipa naye avae rangi inayomtofautisha na wachezaji wengine na waamuzi. Ikitokea makipa wawili wamevaa fulana za rangi moja na hakuna mwenye nyingine, hapo refa anaruhusu mechi ichezwe. Sheria ina huruma kwa kipa, kwa sababu makipa hukaa mbali na hawachanganyiki sana. Kwa wachezaji wa ndani haina huruma hiyo. Vitambaa vya shuka havimo.

Sheria hiyo inaingia hata kwenye mambo ambayo wewe na mimi tunayaona madogo. Fulana ya ndani lazima ifanane na rangi ya mkono wa jezi. Plasta unayofungia soksi lazima iwe rangi ya soksi. Kwa nini usumbufu wote huo? Kwa sababu mchezaji ana nusu sekunde ya kuinua macho na kuamua ampe nani mpira, na mshika kibendera ana muda mdogo kuliko huo wa kuamua nani ameotea. Rangi ni macho ya mchezo.

Lakini tafuta ndani ya sheria hiyo mahali palipoandikwa nani abadili. Hutapaona! Sheria inataka tofauti tu. Suala la nani abadili limeachiwa kanuni za mashindano. Ndiyo maana mashindano mengi humtaka mgeni abadili, mengine hupanga mapema nani atavaa nini, na mengine, kama yale ya mbuzi wetu, hayana kanuni yoyote, ndipo wazee wanapotunga yao pale pale chini ya mwembe.

Na usidhani utaratibu wa mgeni kubadili ulishuka kutoka mbinguni. Uingereza, walikoutengenezea mpira huu kanuni, mwaka 1890 ligi yao iliamua kwamba timu mbili zisiandikishe rangi zinazofanana. Timu zilipozidi kuwa nyingi na rangi zikawa chache, ikatakiwa kila timu iwe na jezi ya pili. Na aliyetakiwa kubadili wakati huo alikuwa nani? Mwenyeji! Yeye yuko kwake, kabati lake liko hapo hapo, mgeni amesafiri na mzigo mmoja. Ni mwaka 1921 ndipo waligeuza, abadili mgeni. Kwa hiyo yule mzee wetu aliyesema mtu hafukuzwi nguo nyumbani kwake angekuwa ametoa kichekesho miaka mia moja na zaidi iliyopita. Utaratibu ni makubaliano ya watu, na watu wakitaka hukubaliana vingine.

Uongo wa pili ni kwamba kubadili jezi ni kujitafutia mkosi. Huu ndio unaouma zaidi, kwa sababu umevaa kanzu ya mila. Utasikia nyeupe ni sanda, nyekundu inaita damu, nyeusi inaita msiba. Mtu akiuorodhesha mkosi wa kila rangi, timu itacheza uchi.

Hebu tazama. Mwaka 1958 huko Sweden, fainali ya Kombe la Dunia ilizikutanisha Brazil na wenyeji. Wote jezi zao za njano. Brazil wakatakiwa kubadili, na hawakuwa na jezi ya pili ya maana. Wakanunua fulana za bluu pale pale Stockholm na kushona nembo zao juu yake. Wakashinda 5-2, na Pele akiwa na miaka 17 akafunga mawili. Miaka minane baadaye, mwaka 1966, Uingereza walicheza fainali uwanjani kwao Wembley, mbele ya malkia wao, wakiwa na jezi nyekundu ya ugenini, kwa sababu nyeupe ilivaliwa na Wajerumani. Wakashinda 4-2. Kombe pekee la Dunia walilowahi kubeba wanaume wa Uingereza wamelibeba kwa jezi ya ugenini wakiwa nyumbani. Mkosi gani huo?

Utaniambia, mbona Manchester United na jezi ya kijivu? Naam, mfano mzuri. Aprili 1996 walikwenda Southampton na jezi ya kijivu, mpaka mapumziko wamefungwa 3-0. Kocha Alex Ferguson akawavua, wakarudi na jezi ya bluu na nyeupe, mechi ikaisha 3-1. Ile ya kijivu walikuwa wameivaa mara tano bila kushinda hata moja, na hawakuivaa tena. Lakini sikiliza sababu waliyoitoa wenyewe: walisema hawaonani vizuri, kijivu kinapotea mbele ya umati wa watu majukwaani. Wengine walicheka wakasema ni kisingizio cha mtu aliyezidiwa. Iwe kisingizio au kweli, hoja yao ilikuwa ya macho. Hakuna aliyesema rangi ilirogwa.

Na sisi tusijifanye wasafi. Mwaka 2003 chama cha mpira cha wakati ule, FAT, kiliwatoza faini Simba na Yanga wote wawili kwa vitendo vya kishirikina uwanjani. Kama vilabu vyenye ofisi, makatibu na wanachama nchi nzima vilifika huko, timu ya kata itaponea wapi? Ninachosema mimi ni kidogo tu. Amini unachoamini, ni moyo wako. Lakini "jezi imeshughulikiwa" haiwezi kuwa sababu ya kumnyima refa tofauti ya rangi. Kama dawa ni ya kweli, itafanya kazi hata chini ya kizibao.

Uongo wa tatu unatuhusu sisi wasomaji wa gazeti hili moja kwa moja, kwa hiyo vumilia nikusute kidogo. Wapo vijana wetu wa mageuzi wanaokataa kuvaa jezi yenye kijani na njano kwa kuogopa kuitwa wa chama tawala. Wapo wanaosema ukiwa mpinzani huwezi kuwa Yanga. Upuuzi mtupu! Yanga ilianzishwa mwaka 1935. TANU ilizaliwa 1954. CCM ilizaliwa 1977, Yanga ikiwa na miaka 42. Kilabu haikuzaliwa na chama, na shabiki hakupewa kadi ya chama pamoja na tiketi ya mpira. Kijani ni rangi ya majani, kama bluu ilivyo rangi ya bahari pale Tanga. Tukikubali kwamba rangi ina mwenyewe, basi tumempa huyo mwenyewe zawadi ya bure, na kesho atatudai hata miti.

Vile vile nawacheka wanaokataa rangi kwa ajili ya ushabiki. Unakumbuka Wana Yanga walivyoigomea nembo nyekundu ya Vodacom kwenye jezi zao, eti nyekundu ni ya Msimbazi? Kwa vilabu vikubwa hayo ni utani wenye faida, watu wanazungumza na jezi zinauzwa. Lakini timu ya kata ikikataa kuvaa vizibao vyekundu kwa sababu katibu wake ni Yanga, hiyo ni njaa inayochagua chakula. Hata mkoani kwetu, Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa nchi wa mwaka 1988, rangi zao ni nyekundu na nyeupe, na Simba nao ni nyekundu na nyeupe. Wakikutana Mkwakwani lazima mmoja ajisogeze. Na mechi inachezwa, na dunia inaendelea kuzunguka.

Uongo wa nne: kuazima jezi ni aibu. Nenda Argentina mwaka 1978, Kombe la Dunia, mji wa Mar del Plata. Ufaransa na Hungary zimeingia uwanjani, zote zimekuja na jezi nyeupe. Timu za taifa hizo, zenye mameneja, washona nguo na ndege! Mechi ikachelewa, watu wakatumwa mbio kwenye kilabu cha mji huo kinachoitwa Kimberley, wakaazima jezi zake zenye mistari ya kijani na nyeupe. Ufaransa wakazivaa na kushinda 3-1. Kama Platini na wenzake walicheza Kombe la Dunia na nguo za kuazima, kapteni wa timu ya kata anaona aibu gani kuomba jezi kwa shule ya jirani?

Hapo ndipo ninapokuja kwenye neno nililokusudia kusema tangu mwanzo. Timu zetu za Handeni na Korogwe si wajinga. Wengi wanajua kwamba rangi zinatakiwa kutofautiana. Tatizo ni kwamba hawana jezi ya pili, na aliyewapa ya kwanza hakuwapa kwa ajili ya mpira.

Mtu anayetaka kusaidia timu 12 za kata angeuliza maswali mawili: zitakutana vipi, na zitatofautiana vipi? Angenunulia kila timu seti moja ya rangi iliyokolea na moja ya rangi nyepesi, au angenunua seti zote moja na vizibao vya kuvaa juu. Hesabu ya darasa la nne. Lakini anayetaka kusambaza sura yake hahitaji tofauti. Anataka ifanane kila mahali, kama bango. Kwake yeye mechi ambayo vijana 22 wote wamevaa uso wake ndiyo mechi nzuri kuliko zote! Matokeo yake atayapata kwenye sanduku la kura.

Na sasa nikuambie jambo ambalo wagawaji hawa hawapendi ulijue. Ile Sheria namba 4 inasema pia kwamba vifaa vya mchezaji visiwe na maneno, matamko wala picha za kisiasa, za kidini au za mambo ya mtu binafsi. Soma tena, polepole. Picha ya mgombea kifuani na ahadi yake mgongoni haimo katika mpira wa miguu. Refa aliyesoma angekuwa na haki ya kuwaambia timu zote mbili zivue. Kwa hiyo msaada ule haukuwa na kasoro ya rangi tu. Tangu ulipotoka kiwandani ulikuwa haufai kuchezewa mechi rasmi.

Msomaji wa upande wetu atafurahi hapa na kupiga meza: waambie hao! Pole pole, ndugu yangu. Nimewaona na wa upande wetu. Nimewaona wagombea wa vyama vya mageuzi wakigawa fulana zenye sura zao kwa timu za vijana, wakipiga picha na kuondoka, na jezi ile ile moja ikibaki mpaka inapauka. Mageuzi gani hayo, kubadili sura kifuani na kuacha tatizo mgongoni? Tukiwakosoa wenzetu kwa dhambi ambayo sisi tunaipigia foleni, vijana watatuona sote ni wa kilabu kimoja chenye jezi mbili.

Halafu kumbuka kwamba Handeni si jangwa la mpira. Mgambo Shooting, timu ya JKT yenye makao Kabuku, ilicheza Ligi Kuu tangu msimu wa 2012/13 mpaka iliposhuka mwaka 2016, na mwaka 2014 iliwafunga Simba na Yanga wote wawili pale Mkwakwani. Kwa hiyo miguu ipo. Korogwe nako, kwenye mashamba ya mkonge, kuna vijana wanaocheza kila jioni baada ya kazi, na wengine hujifunza kupiga chenga kwenye mitaro. Kinachokosekana ni vitu vidogo ambavyo haviingii kwenye hotuba: kanuni iliyoandikwa ukurasa mmoja, refa aliyeisoma, na rangi ya pili.

Rangi ya pili yenyewe si lazima iwe ghali. FIFA katika mashindano yake hutaka kila timu iwe na jezi moja ya rangi iliyokolea na nyingine nyepesi. Usiwaze majina ya rangi, waza giza na mwanga. Wapo wanaume ambao macho yao tangu kuzaliwa hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine hawajijui. Mtu kama huyo Simba na Yanga wanaweza kumchanganya akiwa ameketi sebuleni kwake. Lakini nyeupe na nyeusi hazimchanganyi mtu, hata saa kumi na mbili jioni, hata katika vumbi jekundu la Handeni. Najua utaniambia nyeupe haifai Handeni, maji ya kufulia ni shida, na yanayovutwa kwa bomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe hayamfikii kila mtu. Sawa, chukua njano. Chukua bluu ya mbingu. Ilimradi ipauke mbele ya ile nyingine.

Kwa hiyo ninawashauri vijana wenzangu, wa Handeni, Korogwe na kwingine kokote mnakocheza mchangani, mambo matatu.

La kwanza, kabla ya mashindano andikeni nani atavaa nini katika kila mechi, na nani atabadili rangi zikigongana. Iandikwe kwenye karatasi, isainiwe, refa apewe nakala. Kikao cha nusu saa kitaokoa ngumi za saa nzima.

La pili, changeni vizibao 15 vya rangi moja nyepesi, vyenye namba, view mali ya kata na si ya timu, vikae kwa mwalimu au mtu mnayemwamini. Kama michango ya harusi inatimia, na hii itatimia. Zikikutana jezi zinazofanana, timu moja inavaa, inacheza, inavua, inafua, inarudisha.

La tatu, akija mheshimiwa na mfuko wa jezi, wa chama chochote kile, pokeeni kwa adabu na muulizeni mbele ya watu: ya pili iko wapi? Na muulizeni kama anajua Sheria namba 4 inasemaje kuhusu picha. Akiwa mtu wa mpira atacheka na kurudi na fulana tupu za rangi mbili. Akinuna, mmekwisha kumjua kabla ya siku ya kura, na hiyo ni faida kubwa kuliko jezi.

Rafiki yangu nilipomsomea makala haya juu ya pikipiki yake hakusema mengi. Aliniuliza tu kama yule namba 7 mwingine, aliyekwenda Tanga akarudishwa, nimemwandika vizuri, maana naye hakufanya kosa lolote. Nikamwambia nimemwandika vizuri. Wote wawili walivaa nguo waliyopewa.

Jezi ile anayo mpaka leo. Anafutia nayo mafuta ya pikipiki. Uso wa mheshimiwa umefutika, ahadi imefutika. Namba ndiyo bado inasomeka.